Alama ya Kutoa ya Mushiya
Leo Mushiya Kanyinda anauza unga wa mihogo katika soko la Kasaji, na aliyempeleka huko ni mimi.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa fizikia katika chuo kimoja kidogo cha Kolwezi. Binti wa mtaa wa Dilala, mkaidi, anayeuliza mpaka kichwa kikuume. Vitabu hatuna. Mimi husoma kwa sauti nakala ya nakala ya notisi za marehemu mwalimu wangu, wanafunzi wanaandika, na siku ya mtihani wananirudishia yaleyale.

Siku ile niliandika ubaoni fomula ya wimbi la elektroni mbili. Zikibadilishana nafasi, nikasema, wimbi linabaki vilevile. Mushiya akainua mkono.

"Prof, kunakosa moins hapo. Bila ile moins, elektroni mbili zinaweza kuikala nafasi moya. Njo hata shaba haiwezi kuwa shaba."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Ikala, mwana. Andika bile nasema."

Kwenye mtihani akaiweka tena ile moins yake, alama ya kutoa. Nikampa sifuri katika swali hilo, akaanguka kwa pointi mbili. Baba yake akampeleka kwa shangazi yake Kasaji.

Mwaka huu mjane wa mwalimu wangu, Mama Henriette, alinipa notisi zenyewe, zilizoandikwa kwa mkono. Alama ilikuwepo, ya penseli hafifu. Mashine ya fotokopi haikuiona. Na mimi, mtu mzima, miaka yote hiyo sikuwahi kukaa chini nikakokotoa mwenyewe. Niliona aibu.

Nikapanda pikipiki hadi Kasaji.

"Mushiya, wewe njo ulikuwa na haki. Mi nilikosa. Nitaenda kwa jury ya mitihani, bakurudishie mwaka wako."

Hakuacha kupima unga.

"Nilijua, prof. Na bale bengine?"

"Bengine gani?"

"Bale bote balipita. Elisée wa darasa letu anafundisha ku Mutshatsha sasa. Anafundisha batoto bila moins."

Nilikuja kuomba radhi kwa mtu mmoja, kumbe niliowaharibu zaidi ni wale niliowapa alama nzuri.

Mushiya akachana kipande cha mfuko wa unga, akaandika fomula yote, akanikabidhi.

"Kwa jury utaenda. Kwanza pitia kwa Elisée. Umusomee, ye aandike."