Baiskeli Nje ya Boma

Ya juzi bomani Nachingwea nimejitakia mwenyewe. Dada yangu alijifungulia ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji kwa Mreno, mumewe alikokwenda kutafuta kibarua. Waliporudi Nandagala tukaambiwa mtoto aombewe uraia wa huku kwa asili ya wazazi, la sivyo atahesabiwa mgeni.

Kwetu Wamwera msemaji wa mtoto ni mjomba. Basi nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikamwambia shemeji, "Wewe baki nje, uangalie baiskeli yangu."

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akauliza, "Nani anamwombea mtoto huyu?"

"Mimi, bwana." Nilipaza sauti ili baraza zima lisikie.

"Na huyu ndiye mama yake?"

"Ndiye."

"Mlioana wapi?"

Dada akajifunika uso kwa kanga.

"Bwana, huyu ni dada yangu," nikasema. "Tumbo moja."

Karani akainama, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Bwana Shauri akaagiza baba wa mtoto aitwe.

Shemeji akachungulia mlangoni, akaniuliza kwa adabu, "Shemeji, sasa baiskeli ataiangalia nani?"

Baraza zima likanigeukia mimi na kanzu yangu.