Ukumbi wa Mtu Mmoja

Mdogo wangu ana kiti kimoja tu kwake. Ukimtembelea unakalia kitanda, na chai unanywea kikombe chake huku yeye akidai hana kiu. Nyumbani tulimpa jina la Kimya tangu utotoni, na sijui kama jina lilimfuata yeye au yeye ndiye aliyelifuata jina. Mama amezoea kumwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Kimya humjibu kwamba yeye hana chawa.

Basi mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kubuni makumbusho ya kidijitali ndani ya jengo la simu la zamani. Sisi tulilijua jengo lile kabla halijakarabatiwa. Mama alifanya kazi humo ujana wake wote, opereta wa simu, akikaa safu moja na wenzake mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya huku na kule ili mtu wa huku asikie sauti ya mtu wa kule. Mitambo ya kisasa ilipokuja, akina mama wale walirudishwa nyumbani, njiwa wakahamia humo. Sasa mafundi walikuwa wamepiga upya lipu ya chokaa na kusugua mbao za sakafu mpaka zikang'aa, na ukumbi wa maopereta ukaachiwa Kimya ili aujaze watu wasiokuwepo.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Aliweka projekta juu, akawafanya maopereta waonekane ukutani, kimo chao kimo chetu, wamekupa mgongo, wako kazini. Darini akafunga vidude vinavyohisi mtu anapoingia. Ukiingia, opereta mmoja anageuka, anakutazama usoni, anauliza, "Halo, nikuunganishe na nani?" Sauti ni ya Kimya mwenyewe. Angemwomba nani mwingine?

Miezi yote ile nilikuwa nampelekea chakula, kwa kuwa kibanda changu cha ushonaji kiko mtaa wa pili. Kutoka mlangoni nilimwona juu ya ngazi, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, mchana umegeuzwa usiku. Mafundi wa umeme wakishafunga vyombo vyao aliwaaga haraka, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Kujaribu alijaribu peke yake. Anaingia mlangoni, anatembea mpaka katikati, opereta anageuka, anamuuliza swali lake. Anarudi mlangoni. Anaanza tena.

"Hebu na mimi niingie nione," nilimwambia siku moja.

"Bado, dada. Ukiingia utaniharibia."

Niliudhika. Niliweka bakuli chini kwa kishindo nikaondoka. Njiani hasira ikageuka huruma, maana niliwaza kwamba anayemgeukia mdogo wangu kutwa nzima ni picha ya ukutani.

Mama naye alikosa usingizi kwa ajili ya ukumbi ule. Alitaka kuuingia tena kabla nyonga haijamlaza kabisa. Fimbo haitaki, anasema ni ya wazee. Hutembea kwa kushika mkono wangu. Alinishonesha gauni jipya, kisha akanirudishia kwa sababu ya kola, kisha akanirudishia tena. "Nakwenda kazini," aliniambia, "siendi sokoni."

Kabla ya ufunguzi Kimya alikubali tuingie sisi wa kwanza. Yeye akakaa na kompyuta yake katika chumba kidogo cha pembeni, nyuma ya kioo. Mama na mimi tukaingia tumeshikana mikono.

Opereta akaanza kugeuka. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwa mama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akatupa kisogo, na ukuta mzima ukazimika.

Kimya akawasha upya. Yakawa yale yale.

"Dada," sauti yake ilitoka kwenye spika, "mwachie mama mkono, wewe toka nje kidogo."

"Nimwachie aanguke?"

Alitoka nyuma ya kioo akasimama mbele yetu, mikono imelegea. "Sijawahi kuujaribu na watu wawili," alisema. "Ukumbi unamjua mtu mmoja tu."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali. Niliyameza, kwa vile alikuwa na uso wa mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Mama hakugomba. "Humu mimi sikufanya kazi peke yangu, mwanangu," alisema. "Nirudisheni nyumbani."

Cha kuudhi zaidi, mkurugenzi wa makumbusho alipopata habari alifurahi. Wageni waingie mmoja mmoja, alisema, ukumbi utapata utulivu wake, na ufunguzi ubaki palepale. Kimya akawa amesalimika. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza, na hilo analiweza kuliko sisi wote.

Kesho yake alikuja kibandani, akasimama kati ya vitambaa kama mteja asiyejua anataka nini. "Nimemwomba mkurugenzi asogeze ufunguzi mbele," alisema. "Amekasirika." Akaokota uzi mezani, akauzungusha kidoleni. "Dada, nahitaji watu. Njoo na mama, mkae humo niufundishe."

Maisha yake yote hajawahi kuniambia kwamba anahitaji kitu. Nilifunga kibanda, suruali ya mtu ikabaki na mguu mmoja.

Siku baada ya siku tulikaa kwenye benchi ukumbini, tukaambiwa tuinuke, tutembee, tukae tena, Kimya akichapa nyuma ya kioo. Mama alinisimulia nani alikaa wapi, na nani alikuwa mmbeya wa kusikiliza laini za watu. Nilimwona Kimya naye akicheka huko aliko, kisha akiacha kucheka, akitutazama tu. Kioo kile kilinichoma roho.

Hatimaye opereta mmoja akamgeukia mama, mwingine akanigeukia mimi. "Halo, nikuunganishe na nani?" wakauliza wote wawili, kwa sauti ya mdogo wangu.

Mama aligeukia kioo. "Wewe, njoo ukae hapa."

"Mama, watu watatu bado hauwajui. Utazimika."

"Nimesema njoo."

Akaja, akakaa upande wa pili wa mama. Maopereta wakamtazama, wakatutazama, wakatupa kisogo, na giza likatanda. Nilimsikia mama akipapasa kutafuta mkono wake. Nikangoja Kimya ainuke akawashe. Hakuinuka.