Onyo Nililiweka Mahali Ambapo Mashine Haisomi

Kosa ni langu. Nimejaribu kuwagawia wengine, tena kwa ustadi wa mtu aliyesomeshwa kupanga hoja, na kila mara limenirudia lote. Jina langu silitaji. Nimezaliwa Mukendo, Musoma mjini, na ninasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Haya mengine nakueleza kama ningemweleza ndugu yangu tukiwa wawili tu.

Nilitengeneza zana ndogo. Kazi yake ni kuipitia programu ya zamani na kuibadilisha yenyewe, ili iendane na toleo jipya la mfumo wa kutuma ujumbe wa simu. Siku hizi zana kama hiyo huendeshwa na wakala wa akili mnemba. Wakala hupewa orodha ya zana, kila moja na maelezo yake mafupi, na kwa maelezo hayo tu huamua atumie ipi. Hafungui mwongozo. Hampigii simu mwenye zana kumuuliza.

Nilijua hivyo! Ndicho ninachokisomea!

Na nilijua jambo la pili. Toleo la zamani lilituma ujumbe kwa kila jina. Toleo jipya hutuma mara moja tu kwa kila namba, na majina mengine yaliyo kwenye namba hiyo huyaruka kimya. Kwa mtu ambaye kila aliye nyumbani kwake ana simu, hilo si neno. Kwenye vijiji vya Bunda, simu moja hubeba nyumba nne, tano.

Basi nikaandika onyo: "Isitumike pale ambapo watu zaidi ya mmoja wanatumia namba moja." Nikaliweka wapi? Kwenye mwongozo, ukurasa wa pili. Kwenye maelezo ya wakala niliandika: "Huboresha programu yoyote ya kutuma ujumbe, haraka na kwa usalama."

Sentensi hiyo niliifikiria siku tatu. Siku tatu! Niliogopa kwamba wakala akiliona onyo ataipita zana yangu na kuchukua ya mwingine, nami nilihitaji itumike ili tasnifu yangu ipate matokeo.

Rafiki yangu, nimwite Bhoke, aliyasoma maelezo hayo tukinywa chai Iringo, hapo mjini. Yeye ndiye mwenye programu ya kuwaita wafugaji kwenye chanjo ya ng'ombe.

"Kaka, hii mbona inajisifu kama mtu anayetafuta mchumba?" alicheka. "Isipofaa ni wapi? Hujasema."

"Nimesema kwenye mwongozo."

"Mwongozo nani anausomaga?"

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba yeye ni fundi, mimi ni mtafiti. Pale pale ningeweza kumwambia neno moja kuhusu namba, na sikumwambia. Akaichukua zana, kwa sababu aliniamini.

Wakala wake alipoagizwa kuiboresha programu ile, alisoma maelezo yangu, akakuta neno "yoyote", akaichagua zana yangu. Majaribio yote yalipita, maana kwenye majaribio kila jina lilikuwa na namba yake.

Ikafika chanjo ya chambavu, ugonjwa unaoua ng'ombe wachanga kwa siku mbili tatu. Kwenye kijiji kimoja, simu inayobeba nyumba kama hizo ni ya Masatu, mwenye duka. Alizoea kupokea ujumbe wenye jina la kila jirani na kuupeleka nyumba kwa nyumba. Safari hii aliona jina lake tu, akadhani wenzake wamepangiwa siku nyingine. Akapeleka ng'ombe wake peke yake.

Jirani yake, Mzee Magesa, alikuwa na madume mawili machanga aliyokuwa akiyafundisha kuvuta jembe kwa ajili ya shamba la pamba. Yalikufa yote mawili ndani ya wiki moja.

Habari zilipotufikia, mimi na Bhoke tulikwenda kwake.

"Hiyo mashine yenu inajua jina langu?" aliuliza.

"Inalijua, mzee wangu," nikasema.

"Sasa mbona haikuniita? Nilikuwaga naitwa."

Bhoke alinitazama, akangoja. Nami, msomi, nikafungua kinywa nikasema: "Akili mnemba ilikosea, mzee."

"Ilikosea! Basi kaiambie imekula madume yangu."

Njiani Bhoke aliufungua mwongozo kwenye simu yake, akafika ukurasa wa pili. "Ulijua," alisema. "Umenifanya niwadanganye watu walionipa majina yao." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Wanafunzi wenzangu hunifariji: eti mashine hizi ndivyo zilivyo. Upuuzi mtupu! Wakala alisoma nilichomwandikia akakitenda. Aliyeficha ni mimi, na kila anayenifariji ananikera, kwa sababu anarudia uongo wangu kwa sauti ya upole!

Nilirudi kwa Mzee Magesa peke yangu. Nilimkuta yeye na mkewe wakilima kwa jembe la mkono lile shamba ambalo madume yangelilima. Nikamweleza ukweli wote, mpaka lile la tasnifu.

"Hayo maneno ya kuizuia uliyoyaficha," aliuliza, "yalikuwa mangapi?"

Nikayahesabu. "Kumi, mzee."

Hakunitukana. Heri angenitukana! Aliinama, akaendelea kulima.

Wewe unayeandika maelezo ya zana leo, nisikilize. Anza na mahali isipofaa. Taja inachobadilisha na inachokiacha. Yaandike hayo pale wakala anaposoma. Usiyatupe kwenye mwongozo ili baadaye useme ulionya. Usiandike "yoyote" kama unajua hata kijiji kimoja ambako si kweli. Na kama unaogopa kwamba ukisema ukweli zana yako itaachwa, basi iachwe!