Kikombe cha Shangazi Zuhura

Nilipokuwa mtoto Mkange, bado nikivalishwa hirizi ya shingoni, juu ya kiguzo cha ua wetu kilifudikizwa kikombe cha bati chenye ukingo wa kijani. Kilikuwa cha shangazi yangu Zuhura, tangu alipougua kifua kikuu. Sisi watoto tuliamini kwamba ukikigusa utakohoa mpaka ukauke. Tulipita pale tumebana pumzi. Hata kuku tuliwafukuza wasikisogelee.

Shangazi alimaliza dawa. Zahanati wakamwambia amepona, akanenepa, sauti yake ikarudi. Kikombe hakikushushwa. Wanawake na watoto tulipolizunguka sinia, yeye alipakuliwa pembeni, akala peke yake, uso ukutani.

Idd moja pilau ilipowekwa mkekani, Bibi, mama yake Shangazi, hakunawa.

"Ugonjwa ni kama mgeni," alisema. "Ukikuta chombo chake bado kinaungoja, hurudi. Na ukirudi hauchagui mlango."

Mama mkubwa, mke wa kaka yake Shangazi, ndiye aliyekuwa amekiweka kule. Alicheka kidogo. "Mama nawe! Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa waliokufa. Wewe si mwoga? Basi ogopa vizuri."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mkubwa aliinuka, akakishusha kikombe, akakisugua kwa majivu, akakijaza maji.

"Haya, nani anakunywa?"

"Aliyekitenga."

Akanywa, macho ameyafumba. Bibi akapokea, akamalizia, kisha akaita, "Zuhura, pilau inapoa."

Shangazi akaja. Tukasogea, akaketi kati yetu. Mkono wake ulisita juu ya sinia, mpaka Mama mkubwa alipomsogezea mnofu upande wake, "Kula, wifi, usinitie aibu na Idd hii."

Mimi ndiye ninayetunza habari za ukoo wetu, na sipendi kuandika nisilolithibitisha. Nimewauliza wazee wa Mkange, nikawauliza na jamaa zetu wa Msata: hakuna aliyewahi kuusikia mwiko ule. Bibi ameshafariki, wala sikumwuliza akiwa hai. Huenda aliutunga palepale, pilau ikifuka moshi.

Lakini nyumbani kwangu, mtu akipona, chombo chake hurudi kabatini siku hiyohiyo. Nami naogopa vizuri.