Gauni Lenye Pindo Refu

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Fundi ameshakaa kwenye cherehani yake, kibarazani kwa duka la rangi. Mguu unakanyaga, mdomoni kabana pini. Anashona gauni la shule la binti yake. Alilikata kabla mwenye gauni hajapimwa.

"Nilibahatisha tu," anasema akizitoa pini. "Mtoto wa miaka tisa anarefuka kama nini! Ndiyo maana pindo nililiacha refu, kiganja kizima. Likimpanda, tunashusha."

Mtoto anakaa kwa dada yake Fundi, mtaa wa pili tu hapo. Alichukuliwa mwaka jana, baada ya ile taarifa ya habari.

Ilikuwa hivi. Fundi alivuta unga, heroini, miaka sita kwa siri, hadi akasema basi. Akawa kila asubuhi anapita kliniki, anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, kisha huyo, anarudi kwenye cherehani. Siku moja kamera ya televisheni ikaja kupiga picha foleni ya dirisha la dawa. "Mateja wavamia kliniki," ndivyo walivyotangaza.

"Uso walinizibia, nawashukuru. Ila asubuhi ile nilitoka kazini mbio nikasahau futi ya kupimia shingoni! Futi ya njano, hii hii. Mtaa huu nani mwingine anatembea na futi ya njano?"

Basi, ikawa balaa. Wateja wakaanza kupima vitambaa vyao kabla ya kumwachia. Jirani yake, muuza vocha, akapata la kusema: "Fundi, leo unapima sentimita au gramu?" Kazi ikashuka, toka nguo kumi kwa wiki hadi tatu.

Na kliniki foleni ikapungua. "Kulikuwa na kinyozi mmoja, kijana msafi, alishaanza hadi kunenepa. Aliona ile habari, hakurudi tena. Sasa yuko kule kule kwenye unga. Hata mimi nilijifungia siku mbili, natetemeka kwa kukosa dawa. Ya tatu nikaenda."

Dada mtu alikuja jioni ile ile ya habari.

"Akaniambia, 'Mdogo wangu, nakupenda, ila mtoto hakai na teja.' Nikamwambia, dada, ile foleni ni ya wanaoacha! Akasema, 'Mbona TV haikusema hivyo?'"

Wiki iliyopita Fundi alimwomba kitu kimoja: kama mtoto haruhusiwi kuja, basi apimwe kwa uzi, begani hadi gotini, uzi ukatwe, uletwe.

Juzi dada kauleta. Hakukaa. "Hakutulia huyo," alisema. "Kila saa, 'Kwani mama hawezi kunipima mwenyewe?'"

"Ukamjibu nini, dada?"

"Nilimwambia nitaona."

Fundi ananyoosha ule uzi juu ya gauni, pindo keshalifumua lote. Uzi bado unazidi.

"Ona alivyonikimbia," anasema, anaupapasa kwa kidole, taratibu. "Hili basi tena. Kitambaa kingine ninacho, lakini sikikati. Nitakikata siku amesimama hapa mbele yangu, ananiambia mama unanitekenya."

Anafunika cherehani. Saa ya dawa imefika. Futi ya njano iko shingoni, na anaondoka nayo hivyo hivyo.