Waya Mmoja, Nyumba Kumi na Nne

Orval Teasdale alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na katika mji wetu wa Pruett, kule Iowa, hakuna aliyelitaja jina lake bila kutabasamu kwanza. Kosa lake lilikuwa kuunda vitu. Mashine yake ya kugeuza chapati za maji ilipojaribiwa kwenye kifungua kinywa cha kanisa, chapati ya kwanza ilimpata Mchungaji Fenwick usoni, ya pili ikapaa isionekane tena, na kwa miaka minane watu waliendelea kumuuliza Orval kama ile ya pili imeshashuka. Alicheka nao. Ukitaniwa katika mji wa watu mia nne, huna pa kwenda kununia.

Mchana alitengeneza redio na saa katika kijichumba nyuma ya duka la mbegu. Jioni alirudi kwa mama yake, Almeda, nusu maili nje ya mji. Mama huyo hakuwahi kumkataza kuhama, hata siku moja. Alisema tu, "Nenda, mwanangu, mimi nitajikaza," kisha akalala kitandani mgonjwa wiki tatu. Safari ya Chicago iliishia hapo, na ya Omaha vilevile. Orval alimpenda, lakini kuna siku alitamani mama amfukuze kwa matusi, yaishe.

Sasa, simu zetu enzi hizo zilikuwa waya mmoja kwa nyumba kumi na nne. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, lakini simu ikilia kwa mmoja, wote wananyanyua mikonga ya simu wategee sikio, na kukiri hakukiri mtu. Ubaya ni kwamba kila mkonga ulionyanyuliwa uliinyonya sauti. Wakidukua kumi, unayezungumza naye husikika kama amezama kisimani. Orval akaunda kisanduku chenye mshale: mkonga wa nyumba nyingine ukinyanyuliwa, mshale unasogea alama moja. Akakiandikia kiwanda fulani cha simu cha Des Moines, na barua akaenda kuiposti mji wa pili, maana mwenye posta wetu husoma bahasha kwa sauti. Hakumwambia hata mama yake.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ya dukani ikalia. Alikuwa Leota, binti wa kituo cha simu.

"Orval, kaa kitako. Des Moines wanakutaka."

"Leota, nakuomba, usimwambie mtu."

"Mimi? Lini umenisikia nikisema ya watu?"

Mshale wa kisanduku, alichokifunga kwenye simu ya dukani, ukaruka: nne, saba, ukapita kumi. Kwa mbali mno sauti ya mwanamume ikaanza, "Bwana Teasdale, naitwa Radcliffe... kisanduku chako... Jumatatu... la sivyo..." Mengine yakamezwa.

"Sikusikii, bwana!" Orval alipaza sauti. "Jamani, wekeni simu chini. Nawasihi. Hii ni bahati yangu."

Mshale haukusogea. Na wangewekaje? Mkonga ukirudishwa unalia tak, na hiyo tak ni ungamo.

"Mama Sorensen, namsikia chiriku wako."

"Huyo si chiriku wangu!" alisema Mama Sorensen. Tak.

"Bwana Klee, umemwacha mteja kwenye kiti cha kinyozi na povu shavuni."

"Povu gani? Shavu moja nimeshamaliza!" Tak.

"Mchungaji, hicho kikohozi nakijua."

"Nilikuwa namtafuta shemasi, Orval. Mungu akubariki." Tak.

Mtu mmoja akauliza haraka kama chapati imeshashuka, akakata huku akicheka. Waliobaki hawakungoja kutajwa. Tak, tak, tak, mshale ukateremka hadi kwenye moja, na sauti ya Radcliffe ikaja safi utadhani amesimama mlangoni.

"Nilisema hivi: tunakitaka kisanduku, na tunakutaka wewe. Utapewa karakana yako na wasaidizi wawili. Ila uhamie Jumatatu. Kuna mtu wa Ohio ametuletea kinachofanana na chako, kwa hiyo nataka jibu sasa hivi."

Karakana yake. Orval alifungua mdomo aseme ndiyo, na macho yakarudi kwenye mshale. Moja. Akatega sikio. Hakukuwa na chiriku wala kikohozi. Kulikuwa na pumzi tu, nzito, yenye kijifilimbi mwishoni, pumzi aliyolala akiisikia tangu utotoni.

Akangoja. Alichohitaji ni neno moja. Aseme nenda, ataenda. Aseme usiende, basi ataenda kwa hasira, na hiyo ingekuwa rahisi zaidi. Alimngoja mama yake aseme chochote mbele ya shahidi. Pumzi ikatoka, ikaingia, na kwa mara ya kwanza maishani Orval alimchukia bila kujificha.

"Bwana Teasdale? Upo?"

"Nipo," alisema Orval. "Samahani, bwana. Mpeni huyo wa Ohio."

Akaweka mkonga chini kabla hajajuta, kisha akakaa akijuta hadi saa ya kufunga.

Nyumbani alikuta meza imeandaliwa vizuri mno kwa siku ya Jumanne: nyama ya kusaga ya kuoka, viazi vya kuponda, na pai ya tufaha iliyokuwa bado inatoa mvuke. Mama yake alikuwa amesimama jikoni, kachana nywele, mchangamfu kuliko alivyokuwa mwezi mzima.

"Kuna jipya mjini, mwanangu?"

"Hakuna, Mama."

"Mimi leo hata simu sijaigusa," alisema Almeda, akikata pai. "Kifua kimenibana tangu asubuhi."

"Pole, Mama," alisema Orval.

Akala kipande chote, na mama yake akamwongezea kingine bila kumuuliza.