Kompyuta ilimaliza, mume wangu bado anaomba

Marafiki, leo nimelala kifua wazi nikingoja mtu aseme "Amina".

Nimechoka hata viatu sijavua, lakini acha niwaambie.

Mnajua ndoa yetu ina wiki tano tu. Juzi nilishika uvimbe kwenye titi. Nyanya yangu alikufa na saratani ya matiti, kwa hivyo sijalala tangu hapo. Mutua wangu mtamu naye hajalala. Leo tumetoka Kasikeu alfajiri, tukakaa kwa foleni ya hospitali mpaka saa nane.

Mwishowe nikapakwa jeli baridi ya kupigia picha ya titi. Mama anayepiga picha akasema kompyuta itachora mstari kuzunguka uvimbe na kutoa maoni yake, halafu daktari aangalie mwenyewe.

Hapo Mutua akanishika mkono, akafumba macho, akaanza kuomba.

Jamani! Akaombea mashine. Akaombea macho ya daktari. Akaombea shangazi zangu wa Kilungu, mmoja mmoja, kwa majina.

Na huku kwetu nani hukatiza maombi? Daktari aliingia, akaangalia picha, kisha naye akainamisha kichwa.

"Amina," Mutua akamaliza.

"Ndugu," yule mama wa picha akamwambia, "kompyuta ilimaliza ukiwa bado unaombea mashine. Haikuona dalili mbaya."

"Hata mimi sijaona," daktari akasema. "Mrudi baada ya miezi sita tuangalie tena."

Nililia. Mutua akalia kunishinda, huyu mpenzi wangu!

Kisha akajifuta machozi. "Basi tumshukuru Mungu..."

Nikamziba mdomo na karatasi ya kufutia jeli.

Wamama mlioolewa, wenu huomba dakika ngapi?